Kutoka Dirisha la Jinja hadi Panya wa Bethesda: Historia ya Uhamishaji wa Seli za Kinga Ikisomwa Kutoka Mashariki ya Uganda

Ikisiri

Historia ya tiba ya saratani kwa kuhamisha seli za kinga husimuliwa kama historia ya maabara za Marekani na Ulaya, na kilele chake huwekwa mwaka 1986, panya waliokuwa na saratani ya utumbo mpana iliyosambaa hadi kwenye ini walipoponywa. Makala hii inaisoma historia hiyo kutoka Jinja, Mbale na Mlima Wanale. Inaonyesha kwamba swali lililoulizwa kwa panya, yaani kama mwili waweza kuutambua uvimbe wake wenyewe, liliulizwa kwa binadamu mjini Kampala na Nairobi katika miaka ya 1960, na kwamba dawa iliyotumika Kampala ndiyo iliyokuja kuwa sehemu ya lazima ya jaribio la 1986. Makala inatoa hoja kwamba kilichoikosa Uganda hakikuwa wazo wala wagonjwa, bali uwezo wa kuzihifadhi tishu zikiwa hai hapa hapa. Na kwamba pengo hilo bado lipo.

Utangulizi

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Dkt. Hugh Trowell alimwita daktari wa upasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote. Burkitt hakujua ni nini. Majuma machache baadaye alizuru hospitali ya Jinja, na alipotupa macho dirishani akamwona mtoto mwingine, ameketi nje na mama yake, uso wake umevimba namna ile ile. Mtoto mmoja angeweza kuwa kioja cha maumbile. Wawili walikuwa dalili ya ugonjwa. Mwaka 1958 Burkitt aliuchapisha uchunguzi wake katika jarida la upasuaji la Uingereza, na ugonjwa huo leo unaitwa limfoma ya Burkitt. Historia ya tiba hupenda mianzo ya namna hii, pengine kupita kiasi. Jina la mama aliyeketi majanini Jinja halimo katika simulizi, na hilo si jambo dogo kwa mtu anayetaka kujua nani alichangia nini.

Msomaji atauliza: mtoto wa Jinja anahusianaje na panya wenye saratani ya utumbo mpana? Simdai Burkitt kuwa baba wa tiba ya seli, hakuwa. Ninachodai ni kwamba njia mbili zilizofunguliwa karibu wakati mmoja, moja kwa panya na nyingine kwa watoto wa Afrika Mashariki, zilipitia mahali pamoja mara kadhaa, na kwamba anayeifuata ya kwanza peke yake haoni kwa nini njia ya pili ilikatika.

Mstari unaopita ubavuni mwa Wanale

Oktoba 1961 Burkitt aliondoka Kampala kwa gari pamoja na madaktari wawili, Ted Williams na Clifford Nelson. Kwa majuma kumi walisafiri takriban maili 10,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama wamewahi kuuona uvimbe ule wa taya. Ramani iliyotokana na safari hiyo, pamoja na barua na picha zilizosambazwa kwenye hospitali za bara zima, ilionyesha ukanda mpana katikati ya Afrika wenye matundu ndani yake. Matundu yalikuwa nchi za juu. Katika Afrika Mashariki uvimbe haukuonekana, au ulionekana kwa nadra, juu ya mwinuko wa futi 5,000 hivi, yaani mita 1,500. Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi wa Entebbe, alitambua kwamba mwinuko wenyewe haukuwa sababu. Kilichokuwa kikipimwa ni joto, na penye joto na mvua pana mbu.

Anayesimama katika mji wa Mbale hahitaji ramani ili kuelewa. Mji uko juu kidogo ya mita 1,100. Mbele yake upande wa mashariki umesimama Wanale, bega la Mlima Elgon ambao Wamasaba wanauita Masaba, ukuta wa mawe wenye maporomoko ya maji, na juu yake mashamba ya kahawa na migomba yanapita mita 2,000. Mstari wa Burkitt unapita ubavuni mwa ukuta huo. Mtu mmoja anaweza kuuvuka mara mbili kwa siku akishuka sokoni na kurudi nyumbani.

Maana ya mstari huo kwa elimu ya kinga ilichelewa kufahamika. Gilbert Dalldorf na wenzake waliokuwa wakichunguza Kenya walielekeza kidole kwa malaria mapema katika miaka ya 1960. Burkitt mwenyewe aliikubali hoja hiyo mwaka 1969, akitaja pia kwamba ugonjwa ulikuwa nadra sana Unguja na Pemba ambako malaria ilikuwa imedhibitiwa. Lakini malaria yafanyaje kazi hiyo? Jibu la kwanza lenye nguvu lilitoka Gambia mwaka 1984, ambako Hilton Whittle na wenzake walionyesha kwamba wakati wa malaria kali seli-T hupoteza uwezo wa kuzizuia seli zilizoambukizwa virusi vya Epstein–Barr. Mwaka 2007 Ann Moormann na wenzake waliwalinganisha watoto wa Kisumu, palipo na malaria mwaka mzima, na watoto wa Nandi huko juu. Watoto wa Kisumu wenye umri wa miaka 5 hadi 9 walikuwa na mwitikio dhaifu zaidi wa seli-T dhidi ya virusi hivyo. Kisumu na Nandi ni upande wa pili wa mpaka, lakini ulinganisho huo ni ule ule wa Mbale na Wanale. Mstari wa 1961, ukisomwa leo, ni ramani ya seli za kinga: chini yake zimechoka, juu yake zimesimama.

Panya na swali lao

Kwa upande wa maabara, N. A. Mitchison alionyesha Uingereza kati ya 1953 na 1955 kwamba kinga dhidi ya uvimbe uliopandikizwa inaweza kuhamishwa kutoka panya mmoja hadi mwingine, si kwa maji ya damu bali kwa seli za tezi za limfu. Tatizo la majaribio hayo lilikuwa kwamba uvimbe wenyewe ulikuwa mgeni mwilini, umetoka kwa panya wa ukoo mwingine. Panya alikuwa akimkataa mgeni, kama ambavyo angekataa ngozi ya jirani.

Swali gumu zaidi lilijibiwa Stockholm mwaka 1960. George Klein na wenzake walimwondolea panya uvimbe uliosababishwa na kemikali, wakaukuza uvimbe huo katika panya wengine wa ukoo ule ule, wakamchanja panya wa kwanza kwa seli zake zilizouawa nguvu kwa mionzi, kisha wakamrudishia uvimbe wake ukiwa hai. Panya wengi waliukataa. Mwili, basi, waweza kuutambua uvimbe wake wenyewe.

Hapa njia mbili zinakutana kwa mara ya kwanza. Klein huyo huyo, pamoja na Eva Klein na Peter Clifford, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, walianza katikati ya miaka ya 1960 kupima damu na tishu za wagonjwa wa limfoma ya Burkitt zilizosafirishwa kwa ndege kutoka Nairobi hadi Stockholm. Mwaka 1966 walichapisha ushahidi kwamba damu ya wagonjwa ilikuwa na kingamwili zilizoshika kwenye utando wa seli za uvimbe. Muda mfupi baada ya jaribio la panya, swali lile lile lilikuwa likiulizwa kwa watoto wa Afrika Mashariki.

Kwa nini watoto hawa? Kwa sababu uvimbe wao ulifanya jambo ambalo madaktari walikuwa hawajalizoea. Mwaka 1967 Burkitt na Sebastian Kyalwazi, daktari wa upasuaji Mganda, waliandika kuhusu wagonjwa ambao uvimbe wao ulipungua wenyewe, bila tiba iliyotosha kueleza kupungua huko. Na waliotibiwa kwa dozi chache tu za dawa, wengine dozi moja, walipona na wakabaki wamepona. Dawa moja ya aina hiyo ilikuwa saiklofosfamaidi. Kwa viwango vya London au New York dozi hizo zilikuwa ndogo mno kuua kila seli ya uvimbe. Ikawa vigumu kuepuka dhana kwamba dawa ilianza kazi na mwili ukaimaliza.

Kampala, 1967 hadi 1976

Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walifungua Mulago kituo cha kutibu limfoma, ambacho kilikuwa chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mkurugenzi wake wa kwanza, John Ziegler, alikuwa kijana. Kituo kilikuwa kidogo, lakini kilifanya majaribio ya tiba kwa nidhamu ambayo hospitali nyingi kubwa duniani hazikuwa nayo. Mwaka 1970 Ziegler, Kyalwazi na wenzao walichapisha matokeo ya saiklofosfamaidi. Mwaka huo huo Fass, Herberman na Ziegler walieleza jinsi walivyowadunga wagonjwa, chini ya ngozi, dondoo ya uvimbe wao wenyewe. Baadhi ya waliokuwa wamepata nafuu walionyesha wekundu na uvimbe wa ngozi uliochelewa, ambao ni alama ya seli za kinga na si ya kingamwili. Kwa lugha ya leo, walikuwa wakizisoma seli-T za wagonjwa kwenye ngozi ya mkono.

Hatua iliyofuata ilikuwa kujaribu kuzichochea seli hizo. Ian Magrath na Ziegler waliwapa wagonjwa chanjo ya BCG, ambayo wakati huo iliaminiwa kuamsha kinga dhidi ya saratani mbalimbali. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1976 yalikuwa wazi: BCG haikubadilisha mwenendo wa ugonjwa. Nayahesabu matokeo haya kuwa kati ya kazi bora za Kampala. Yalikuja wakati ambapo watafiti wengi waliokuwa na vituo vyenye fedha zaidi walikuwa wakiendelea kuisifu BCG kwa ushahidi hafifu.

Kufikia hapo siasa ilikuwa imeingia. Wamarekani waliondoka katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Idi Amin, na uongozi wa taasisi ukamwangukia Charles Olweny, Mganda, aliyeiendesha katika kipindi ambacho wengine wangeifunga. Sifa zake hutolewa, kwa haki, kwa kuokoa wodi. Lakini utafiti wa seli za kinga hauishi katika wodi peke yake. Unahitaji majokofu, vyombo vya kukuzia seli, na watu wanaovihudumia usiku na mchana. Na vitu hivyo, kwa sehemu kubwa, havikuwa vimejengwa Kampala hata kabla ya Amin.

Tazama safari za tishu zenyewe. Uvimbe uliomwezesha Anthony Epstein kukipata kirusi chake ulitoka kwa mtoto wa Uganda, ukapelekwa London kwa ndege Desemba 1963. Ukungu uliielekeza ndege Manchester, na chupa ikafika imechafuka kwa seli zilizoelea. Epstein aliona kwamba seli hizo zilikuwa hai. Zikakuzwa, na Machi 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza virusi vipya. Tishu za Nairobi zilikwenda Stockholm. Katika miaka ya 1970 damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile ilikusanywa chini ya uongozi wa shirika la utafiti wa saratani la Lyon, ili ijulikane kama maambukizi ya virusi hutangulia uvimbe. Yalitangulia, na hilo lilithibitishwa mwaka 1978. Sioni wizi katika safari hizi. Bila hizo watoto wengi zaidi wangekufa bila mtu kujua sababu. Naona utaratibu: kilichokuwa hai kilisafiri, na ujuzi wa kukiweka hai ulisafiri pamoja nacho.

1986

Uvimbe wa utumbo mpana uliotumika katika jaribio mashuhuri unahusishwa na kazi ya Thomas Corbett na wenzake, ambao mwaka 1975 walichapisha jinsi walivyotumia kemikali kuwasababishia panya saratani ya utumbo mpana, kisha wakazipandikiza vimbe hizo kutoka panya hadi panya. Mmoja wao, wa panya weusi wa ukoo wa C57BL/6, umekuwa maarufu kwa jina la MC-38.

Wakati huo huo watafiti kadhaa wa Marekani, akiwemo Alexander Fefer wa Seattle, walikuwa wamegundua kwamba seli za kinga zinazohamishwa hufanya kazi vizuri zaidi panya akipewa kwanza saiklofosfamaidi. Robert North alieleza sababu mwaka 1982: dawa huondoa seli-T za mwenyeji zinazouzuia mwitikio wa kinga, hivyo seli mpya hupata nafasi. Kisha Steven Rosenberg na wenzake wa Bethesda, katika makala ya Septemba 1986, wakaenda kuzitafuta seli bora mahali ambapo hakuna aliyezitegemea: ndani ya uvimbe wenyewe. Waliukata uvimbe, wakazitenga limfosaiti zilizokuwa zimeuingia, wakazikuza kwa intalukini-2. Seli hizo zilikuwa na nguvu mara 50 hadi 100 kuliko zile zilizotengenezwa kutoka damu au wengu. Kwa vimbe kubwa, seli peke yake hazikutosha na dawa peke yake haikutosha. Zilipounganishwa seli, saiklofosfamaidi na intalukini-2, panya wote 12 waliokuwa na MC-38 iliyosambaa kwenye ini walipona, na waliokuwa nayo mapafuni walipona hadi nusu yao.

Mtu aliyezisoma kumbukumbu za Kampala hawezi kupita jedwali hilo bila kusimama. Dawa ni ile ile. Kampala iliiona ikifanya zaidi ya ilivyopaswa na ikashuku kinga. Bethesda iliitumia makusudi kuiandalia kinga njia. Haifuati kwamba maelezo ni mamoja, kwani limfoma ya Burkitt hukua kwa kasi ya ajabu na kwa sababu hiyo huumizwa sana na dawa. Hata hivyo swali la Kampala, kwamba mwili ulikuwa na sehemu gani katika uponyaji ule, halikupata kujibiwa kwa wagonjwa wale wale, kwa kuwa limfosaiti zao hazikuwekwa.

Virusi navyo vilizaa tiba yao. Mwaka 1995 Cliona Rooney, Helen Heslop, Malcolm Brenner na wenzao wa Memphis waliwapa wagonjwa waliopandikizwa uboho seli-T zilizofundishwa kutambua virusi vya Epstein–Barr, wakadhibiti uvimbe unaosababishwa na virusi hivyo. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya uliidhinisha dawa ya namna hiyo. Ukoo wa tiba hii unaanzia kwenye chupa ile iliyochafuka ya Desemba 1963.

Ugonjwa uliokuwa nadra

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966, na jina lake likapata umaarufu wa pili kwa saratani ya utumbo mpana. Hoja aliyoichapisha mwaka 1971 ilikuwa kwamba Waafrika wa vijijini hawaipati kwa sababu chakula chao kina makapimlo mengi, yaani nyuzinyuzi za chakula. Kwa upande wa Bugisu mtu anaweza kuwaza ndizi, maharage, ulezi na maleewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani yanayokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga. Sehemu ya hoja hiyo imesimama na sehemu imepingwa, na mjadala wake si wa makala hii. Linalotuhusu ni athari yake: kwa muda mrefu saratani ya utumbo mpana ilihesabiwa Afrika Mashariki kama ugonjwa wa wengine, kielelezo cha kinga yetu, na haikuandaliwa maabara. Sajili ya Saratani ya Kampala, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, imeonyesha ikiongezeka. Nani angewekeza katika ugonjwa ambao fahari yetu ilikuwa kutokuwa nao?

Nje ya hapa, njia kutoka panya hadi binadamu ilikuwa ndefu. Seli za ndani ya uvimbe zilifanikiwa kwanza kwa saratani ya ngozi aina ya melanoma, mwaka 1988, na zikaidhinishwa Marekani kama dawa Februari 2024 kwa bei inayozidi dola nusu milioni kwa mgonjwa. Kwa utumbo mpana, tukio linalotajwa zaidi ni la Desemba 2016, Eric Tran, Rosenberg na wenzao walipoeleza habari za mgonjwa mmoja aliyepewa seli zake zipatazo bilioni 148. Ziliutambua mgeuko wa jeni ya KRAS uitwao G12D, unaopatikana katika takriban asilimia 13 ya saratani hizi. Vimbe zote saba za mapafu zilinywea. Baada ya miezi tisa mmoja ulirudi kukua. Ulikuwa umeitupa alama ya tishu, HLA-C*08:02, ambayo seli zilihitaji ili ziuone.

Alama hiyo ndiyo inayotofautisha panya na watu. Panya wa C57BL/6 wote wana alama zile zile, na seli za mmoja humfaa mwingine. Binadamu hutofautiana, na Waafrika hutofautiana kuliko wengine wote. Tiba inayojengwa juu ya alama zilizochunguzwa zaidi kwa watu wa asili ya Ulaya inaweza kufika Mbale bila kumfaa mgonjwa wa Mbale, hata bei yake ikiondolewa kabisa.

Mbale na tishu hai

Mbale si mahali pasipo sayansi. Ina hospitali ya rufaa ya kanda, kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Busitema, na watafiti walioshiriki katika jaribio la FEAST, ambalo mwaka 2011 lilionyesha kwamba kuwapa watoto mahututi maji mengi ya mshipa kwa haraka huongeza vifo, likatikisa kanuni zilizofuatwa duniani. Wataalamu wa Mbale, basi, wameshabadilisha mawazo ya dunia kuhusu mwili wa mtoto. Taasisi ya Saratani ya Uganda, kwa upande wake, imepewa jukumu la kuwa kituo cha umahiri cha Jumuiya ya Afrika Mashariki katika fani ya saratani.

Wapanga sera wakisikia tiba ya seli hufikiria jengo lenye vyumba safi na mashine za mamilioni, na kwa haki huahirisha. Historia iliyoelezwa hapa inaelekeza kwenye jambo dogo na la mapema zaidi. Uvimbe wa utumbo mpana unapokatwa katika hospitali ya kanda huwekwa ndani ya formalini. Kwa mtaalamu wa patholojia hiyo ni sawa kabisa. Lakini formalini huua limfosaiti zote zilizokuwa ndani ya uvimbe, zile zile ambazo mwaka 1986 zilithibitika kuwa bora. Kila operesheni ya aina hiyo inajibu swali la ugonjwa na kulifuta swali la kinga katika dakika zile zile.

Kinachohitajika ni kipande cha pili cha uvimbe, kiasi kidogo cha damu, ridhaa ya mgonjwa iliyoandikwa kwa lugha anayoielewa, na nitrojeni kioevu. Hiyo ya mwisho si ndoto. Kwa miaka mingi Uganda imezalisha nitrojeni kioevu Entebbe kwa ajili ya kituo cha taifa cha uzalishaji wa mifugo, na mitungi yake husafirishwa wilayani ili mbegu za madume bora ziwafikie wahimilishaji wa ng'ombe zikiwa hai. Mnyororo wa baridi upo, na barabara inayopita Jinja na Mbale inaujua. Mwaka 1963 tishu ya mtoto wa Uganda ilisafiri hadi London katika chupa ya kawaida na ikafika hai kwa bahati. Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda sasa linadai mkataba kabla ya tishu ya binadamu kutoka nje ya nchi. Ni sharti jema, ila mkataba hulinda kinachoondoka tu. Swali la kipande kinachobaki Mbale, kinakaa katika chombo gani na kwa gharama ya bajeti ya nani, bado halijaandikwa katika waraka wowote wa aina hiyo.